Shamba la Ole Pamoja na Vyote Vilivyomo

Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umepona kiasi cha kushika kikombe kisichojaa, lakini kalamu bado unaikataa. Nilianza kujifunza upya kuandika nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na leo hati yangu ya kushoto inasomeka vizuri kuliko hati ya kulia ya makarani wengi niliofanya nao kazi. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na pia kwa kuwa majisifu ndiyo maradhi niliyotangulia kuugua. Kiharusi kilikuja baadaye.

Tangu nianze kutembea tena na bakora, watu wenye wagonjwa hunijia nyumbani kwangu Jadida kuniuliza. Mume wangu hawezi kumeza, wewe ulifanyaje? Mama analia kila akiogeshwa, na wewe ulilia? Nililia. Lakini kila ninapowaeleza huwa naliruka jambo moja, na wageni wakishaondoka nafsi hunisuta, maana jambo hilo liliniuma kuliko mguu. Leo siliruki.

Nilizaliwa Ole, katika shamba la baba. Dada yangu Bi Mize amenizidi miaka kumi na miwili. Mimi nikiwa bado natambaa, baba alimpa miche ya mikarafuu, akamwambia mbele ya majirani: "Utakayoipanda ikashika, ni yako." Huku kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Ardhi huwa ya mmoja na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwengine, na wote wawili wakazeeka bila kugombana. Dada alibeba maji kwa mtungi kiangazi baada ya kiangazi, hata mikarafuu kumi na tisa ikashika. Baba alipofariki, katika mirathi shamba lilinifikia mimi, naye dada akapata fungu lake la minazi Vitongoji. Mikarafuu haikuguswa, kwa sababu haikuwa ya marehemu.

Mimi nilikwenda bara na kanzu mbili, nikarudi na diploma ya kazi za ofisi. Ilikuwa ya kwanza kuonekana katika ukoo wetu. Sikusomeshwa na mtu. Nilifagia, nilibeba mizigo, nilisoma. Niliitia diploma ile katika fremu ya kioo nikaitundika ukumbini, mgeni aione kabla hajaonyeshwa kiti. Watu wa Ole wakaniita Bwana Cheti, nami nikadhani wananiheshimu. Kila mwisho wa msimu, dada alinipelekea kikapu kimoja cha ukindu kilichojaa karafuu kavu, zilizochambuliwa moja moja. Nilikipokea kama mkubwa anavyopokea hidaya. Wageni wakiuliza, niliwaambia, "Watu wa shamba hawanisahau."

Kisha nikaanza kuona kizunguzungu ofisini. Daktari akanipima mkono akaniambia, "Bwana Khamis, damu yako inapanda. Punguza chumvi, na punguza hasira." Chumvi niliipunguza.

Niliona vyema nitengeneze mambo yangu mapema. Niliwaambia wenzangu kwamba mtu mwenye diploma hafi ovyo ovyo. Nikakaa na taipureta yangu Ijumaa mbili, nikatoa hati mbili zisizo na kosa hata moja la herufi. Ya kwanza ilikuwa ya uwakala: nikishindwa kusema au kutambua, shemeji yangu Shaame, kaka wa mke wangu Zuwena, asimamie mali yangu yote. Ya pili ilikuwa wasia. Niliusia kwamba nikifa, theluthi ya mali yangu ijenge chumba cha kusomea vitabu pale Ole, na juu ya mlango liandikwe jina langu kamili na diploma yangu. Katika hati zote mbili niliitaja mali hiyo kuwa ni nyumba ya Jadida na "shamba langu la Ole pamoja na vyote vilivyomo." Maneno hayo niliyapata chuoni. Huko, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichoota juu yake. Niliyapenda. Yalikuwa na sauti ya ofisi.

Nilimwita Mzee Faki awe shahidi. Shamba lake limepakana na letu, na alikuwa rafiki wa baba. Alivua makubadhi mlangoni, akaiangalia diploma kidogo, akakaa. Nikamsomea.

"Hebu soma tena hapo pa vyote," akasema.

Nikasoma.

"Na mikarafuu ya Mize?"

"Mzee wangu, hayo mambo ya kimila. Serikali inatazama ardhi."

"Serikali ilibeba maji?"

Nikacheka. Nilimwambia Mize ni dada yangu, hawezi kukosa kitu nikiwapo.

"Na usipokuwapo?" akauliza. "Si ndiyo uliyoniitia hayo?"

Nilikuwa nimekwisha kumfungulia kidau cha wino atie kidole. Akakifunika mwenyewe, taratibu, kama anayefunika chakula kisiingie nzi. "Kidole hiki kilikuwapo baba yako aliposema," akasema. "Sikitii wino kumkanusha." Akavaa makubadhi yake akaenda zake.

Ningeweza kuyafuta maneno manne tu. Sikutaka karatasi iliyofutwa. Siku ya pili makarani wawili walio chini yangu walitia sahihi wakati wa chai, bila kusoma, ili kunifurahisha.

Miezi miwili baadaye, masika yamekolea, kikombe cha chai kilinitoka mkononi asubuhi. Nilitaka kumwambia Zuwena aniokotee. Ikatoka sauti kama ya mbuzi. Nikaona uso wake ulivyobadilika, nikajua wangu umebadilika kabla yake.

Anayeniuliza hospitali ilikuwaje, namwambia ilikuwa benchi. Zamani nilikuwa nikipeleka kikaratasi ndani nikaitwa mbele ya wengine. Sasa nilikaa na watu wenye matende na watoto wenye homa, nusu ya mwili wangu imelala, mate yananitiririka hata kanzu ikaloa kifuani. Sikuweza kuyafuta. Zuwena alikuwa dirishani akiuliza dawa. Mwanamke mmoja wa shamba, nisiyemjua hata leo, alinifuta kwa ncha ya kanga yake, kisha akaendelea kumnyonyesha mwanawe. Mwenye mgonjwa asidharau mambo kama hayo. Sindano zote za mwezi ule nimezisahau, ile kanga naikumbuka maua yake.

Dada alifika siku ya tatu kutoka Ole kwa miguu, na bunda lake kichwani, akakaa nami. Yeye ndiye aliyenichua asubuhi na jioni kwa mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, kutoka begani hadi kwenye kucha. Aliniogesha. Aliniletea kombe, aya za Kurani zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, akaninywesha kwa kijiko, na lililomwagika kidevuni akanipaka nalo usoni, lisipotee. Mwezi wa pili wa kuchuliwa alinitia ndimu katika kiganja cha kulia akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake.

"Kamua," akasema. "Kamua, Bwana Cheti. Ndimu hiyo haijasoma, na imekushinda."

Nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza.

Maneno yalikuwapo kichwani yamejipanga vizuri, hata ya Kiingereza, lakini mlangoni pa mdomo yaligongana yakarudi. Mvua zilipokatika niliweza kutikisa kichwa. Ndiyo na hapana nilikuwa nazo, na nyumba nzima ilijua kwamba ninazo. Nataka msomaji alikumbuke hilo.

Msimu wa karafuu ukafika. Dada alikwenda Ole kuwaanzisha wachumaji wake, akasema atalala huko siku tatu. Alirudi siku ile ile kabla ya alasiri, vumbi mpaka magotini, hakuvua hata buibui.

"Shaame kawafukuza wachumaji wangu," akasema. Alisimama mbele ya kitanda. "Kaja na karatasi. Ati mikarafuu ni yako na yeye ni wakili wako. Nimemwambia, bwana Shaame, mikarafuu hii nimeipanda kwa mikono yangu. Kaniambia, shemeji kaandika. Khamis, nnakuuliza weye. Umeiandika karatasi hiyo?"

Kutikisa kichwa kungetosha. Mara moja tu, juu na chini.

Nikafumba macho. Nikavuta pumzi ndefu kama mgonjwa aliyechoka.

Alingoja. Kisha nikasikia sauti yake imelainika. "Basi lala," akasema, akanifunika miguu.

Akatoka ukumbini, nikamsikia akimwambia mke wangu, "Nimemtazama uso. Hakuiandika. Nduguyo kamwibia mgonjwa."

"Kaka yangu si mwizi!" Zuwena akasema.

"Sahihi huigwa, mwanangu."

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa na meko mawili. Zuwena alipika chakula chake, dada alipika changu na chake. Walipitana ukumbini chini ya diploma yangu bila kusalimiana. Zuwena alikuja kulia kitandani kwangu, dada akaja kunichua, na kila mmoja alinieleza ubaya wa mwenzake, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee asiyeweza kubishana. Niliufanya udhaifu wangu kuwa pazia. Yapo maradhi yanayomficha mtu vizuri kuliko kuta, na mimi nilijificha humo majuma matatu, nikifumba macho kila nilipoulizwa, huku ninakunywa uji wa dada.

Shaame hakuwa na kosa. Ni mtu wa kufuata maneno: aliambiwa asimamie vyote vilivyomo, akasimamia. Sasa watu wa Ole waliacha kuitikia salamu yake. Miaka ile ilikuwa ya uchaguzi na watu walikuwa wamekwisha kugawanyika hata kwenye mazishi, basi wengine wakasema hayo ni mambo ya chama. Shaame akasimamisha uchumaji mpaka jambo liamuliwe. Na karafuu haingoji mtu. Ikishafungua ua haifai kitu.

Ndipo dada akasema atasomesha halbadiri.

Asiyekijua kisomo hicho ajue kwamba hukusanyika watu wa kusoma, wakamwombea balaa mwizi asiyejulikana, limfike alipo, katika mwili wake au wa wanawe. Mtu hasomeshi kwa mchezo. Dada aliniambia huku ananichua bega. "Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwangu. Sitamtaja Shaame kwa jina. Nitasema aliyeiandika karatasi ile. Mungu anamjua." Akaongeza mafuta kiganjani. "Wamekuonea, ndugu yangu. Wamekuona huna ulimi."

Mikono yake ilikuwa na joto. Nilitamani bega lile liwe limekufa kabisa, nisiisikie.

Siku ya Alhamisi alikuja Mzee Faki na kifuko cha ndimu, kwani alikuwa amesikia kwamba ndizo dawa yangu. Dada alikuwa ua wa nyuma anafua nguo zangu. Mzee akakaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu.

"Mize kanialika kesho nikasome," akasema.

Nikamtazama.

"Nimemwambia nina kifua. Siwezi kumwomba Mungu akupige mara ya pili." Akazipanga ndimu dirishani moja moja. "Mie sijasema kitu. Hati ile niliisikia nyumbani kwako, na neno la nyumbani mwa mtu ni amana. Kusema ni kwako."

Nikaonyesha mdomo wangu kwa mkono wa kushoto.

"Naona," akasema. "Ulimi umelala. Na kichwa? Nacho kimelala?"

Machozi yakanitoka. Alinifuta, lakini hakunibembeleza. Alisema, "Karatasi uliipiga chapa ukiwa mzima, mwanangu. Usiisingizie maradhi." Akaenda zake.

Asubuhi ya Ijumaa dada alivaa buibui lake. Mchele ulikwisha tangulia Ole. Alikuja kuniaga, akanitia ndimu mkononi kama kila siku. Nikaiangusha. Akaiokota akanirudishia. Nikaiangusha tena. Nikapiga kelele ile yangu ya mbuzi hata Zuwena akaja mbio kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma matatu wanawake wale wawili wakasimama pamoja.

Nilionyesha sanduku chini ya diploma. Zuwena akalifungua. Alitoa vyeti, barua, picha, akiniuliza kwa kila kimoja, hii? hii? Nikatikisa kichwa hapana, hapana, mpaka alipotoa nakala za hati zile mbili. Ndiyo.

Dada anasoma Kurani vizuri kuliko mimi, lakini herufi za kizungu hazijui. Akazishika karatasi, akanitazama mimi. Nikajipiga kifuani kwa ngumi ya kushoto.

"Mi," nikasema. Nikajipiga tena. "Mi-mi."

"Weye nini?"

"Mimi."

Nilikuwa nimelingoja neno langu la kwanza miezi minne. Nilikuwa nimewaza litakuwa jina la Mwenyezi Mungu, au la mke wangu.

Zuwena alielewa kwanza. Alijifunika uso kwa kanga. Dada alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama, buibui limemzunguka sakafuni.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa macho?"

Ndiyo.

"Ulinisikia?"

Ndiyo.

"Na leo ningekwenda nikakuapiza, ungeniacha?"

Ningeweza kutikisa kichwa hapana. Angefarijika. Lakini sikuwa na hakika, mpaka kwenye ndimu ile ya pili sikuwa na hakika. Nikafungua kiganja cha kushoto, kumwonyesha kwamba sijui.

Dada alikitazama kiganja kile. Kisha akasema, "Sikusamehe leo. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na uongo umekwisha tosha katika nyumba hii." Akainuka, akaiokota ndimu akaifuta vumbi kwa buibui, akaitia katika kiganja changu cha kulia, akavikunja vidole. "Kamua mpaka nirudi. Watu wamekaa wananingoja."

Alikwenda Ole akawaambia mbele ya wote: "Nimekosa. Shaame hana hatia. Karatasi ni ya ndugu yangu mwenyewe." Mzee Faki alinihadithia baadaye. Watu wakaulizana wafanye nini na wali ulikwisha iva. Dada akawaomba wasome dua nipate ulimi. Wakasoma, wakala. Hivyo nimeombewa kwa wali uliopikwa ili niapizwe, na kila ninaposema sentensi nzima hulikumbuka hilo.

Shaame alikuja siku ya pili. Hakukaa. Alisema, "Shemeji, ungetikisa kichwa tu." Mikarafuu mitano ilikwisha chanua, haikuchumwa. Kumi na minne iliwahiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa juu ya wasia, nasema: andika ungali na ulimi, na wakala wako mchague mwaminifu kama Shaame. Lakini kabla hujaandika "vyote", toka nje ukatembee. Uliza kila mti ulipandwa na nani, na uulize mbele ya anayejua. Kama kuna mzee aliyefunika kidau chako cha wino, mwite tena.

Mzee Faki alisema karatasi mpya haitoshi. Mvua za vuli zilipopungua alitaka nipelekwe shambani, nikiri kwa mdomo, mti kwa mti, watu wakisikia. Shaame ndiye aliyenipeleka. Alinikalisha kwenye kikalio cha baiskeli yake, akanifunga kiunoni kwa kilemba nisianguke, akaisukuma kati ya mikarafuu. Mzee Faki alitangulia na kicha cha ukindu cha kutilia miti alama, dada na Zuwena wakafuata, na majirani nyuma yao.

Sentensi ndefu zilikuwa bado zinanishinda. Kila mti Shaame aliposimama, nilisema maneno niliyoyaweza. "Si wangu. Wa dada." Mzee akaufunga ukindu. Tukaenda kwa unaofuata. "Si wangu. Wa dada." Kulikuwa na mtu nyuma aliyecheka kwenye mti wa saba, akasema, "Bwana Cheti leo anakariri somo," na mwengine akamnyamazisha. Sikukasirika. Nilisema mara kumi na tisa, na kila mara ilikuwa rahisi kidogo kutamka, na haikuwa rahisi hata kidogo kusikia.

Mwisho wa shamba, karibu na kijito, palikuwa na mkarafuu mfupi uliopinda. Shaame alisimama.

"Si wangu," nikasema. "Wa..."

"Huo wako," dada akasema.

Nikamgeukia.

"Uliupanda weye. Ulikuwa na miaka sita, ulinililia nikupe mche na weye. Baba kaona, Mzee Faki kaona."

"Naam," Mzee Faki akasema.

Nilitaka kuuliza kama unazaa. Ilitoka "Una... una..." tu, lakini dada alizoea kunimalizia.

"Unazaa kikapu kimoja kila msimu," akasema. "Nnakianika mbali, kisichanganyike na zangu. Si nnakuletea?"

Mzee Faki alikuwa amebakiwa na ukindu mmoja. Hakuufunga, alinipa mimi. Shaame akaisogeza baiskeli hata goti langu likagusa shina. Kwa mkono mmoja fundo lilinishinda. Nililijaribu, likafunguka, nikalijaribu tena. Mara ya tatu dada alikuja akaishika ncha ya pili.